Shomoro wamewapora ndege wangu nyumba, nifanyeje?

SWALI: Dada mhariri mambo, niko huku Ohio Marekani, tuna shamba dogo la mahindi na pori kidogo kwa nyuma. Mwaka jana mume wangu alipigilia maboksi mawili ya mbao kwenye ukuta wa banda, wakaja wale ndege wa buluu kifua rangi ya chungwa wakaanza kujenga, mara shomoro hao wakawafukuza. Jirani anasema niwe natoa viota vya shomoro natupa. Jamani si dhambi? Na sheria je? – Mama Wawili, Ohio

JIBU: Mama Wawili, ya dhambi nakuachia mwenyewe, ila sheria ya huko iko wazi. Ndege wa buluu analindwa na sheria ya mwaka 1918 ya ndege wanaohama, kiota chake chenye mayai usikiguse. Shomoro hayumo humo maana si wa huko, watu walimtoa Ulaya wakaanza kumwachia Brooklyn miaka ya 1850 (hata huyu wetu wa Mombasa na Zanzibar ni mgeni vilevile), na si mpole kama unavyomwona anaokota makombo, akimkuta ndege mwingine ndani ya boksi anamdonoa kichwani mpaka anakufa. Kwa hiyo jirani yuko sahihi, ila angalia mayai kwanza: ya buluu tupu ni ya mwenye nyumba, meupe yenye madoa ya kahawia ndo ya shomoro.

Tatizo lenu lakini ni banda. Shomoro anapenda majengo na nafaka, halafu tundu la mlango la milimita 38, lile la kawaida la maboksi haya, linamzuia kwezi wa Ulaya tu (mgeni mwingine mvamizi, mkubwa kuliko shomoro), shomoro anapita vizuri kabisa. Hamishieni maboksi kwenye uwanja wa majani mafupi, mbali na banda na mbali na vichaka vya porini pia, kuna vindege vidogo vya kahawia huko vinatoboa mayai ya wenzao. Tumia bomba la chuma kama nguzo na uvalishe bati chini ya boksi, rakuni (mnyama wa huko hodari wa kupanda) na nyoka wasipande. Yaweke mawili mawili, kama mita 5 hivi katikati, maana mbayuwayu wa huko naye hutaga kwenye maboksi, akichukua moja hataki mbayuwayu mwingine jirani, lile la pili anabaki nalo ndege wa buluu, hawagombani sana hao wawili.

Kijiti cha kutulia mlangoni kama kipo ng'oa, kinamsaidia shomoro tu. Na vifaranga wakifika siku 12 acha kabisa kufungua kuchungulia, wataruka nje kabla hawajaweza kupaa.