Kwa mnaoanza kazi kwenye nyumba za mawe za Dar

Wadogo zangu mliomaliza chuo na kupangiwa ukarabati wa majengo ya kale ya katikati ya jiji, la kwanza kabisa: mfuko wa saruji ubaki garini.

Anzieni Boma la Kale, Sokoine Drive, mkabala na boti za Zanzibar. Lilijengwa mwaka 1866 hadi 1867, Sultani Majid bin Said alipokuwa akiinua mji wake mpya kando ya kijiji cha Mzizima. Majid akafariki 1870, ndugu yake Barghash hakuwa na haja na mji ule, ujenzi ukadorora mpaka walipokuja Wajerumani. Siku hizi ndani mna DARCH, kituo cha urithi wa usanifu majengo wa Dar es Salaam. Tazameni maonyesho yake, kisha mrudi kwenye kuta, maana kazi yenu iko huko.

Kuta zile ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Jiwe lina vitundu, chokaa nayo inapitisha hewa, hivyo unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea nje na kukauka kwa upepo wa bahari. Sasa anakuja fundi na lipu ya saruji, safi, ngumu, inapendeza machoni mwa mwenye nyumba. Ameziba njia. Maji hayaachi kupanda, yanapanda zaidi yakitafuta pa kutokea. Masika yakiisha, mtaona alama ya unyevu juu ya pale lipu mpya ilipoishia. Gongeni chini yake kwa kifundo cha kidole: panalia kama mtungi mtupu. Bandueni kipande kidogo kwa bisibisi, lipu itatoka imekamata ngozi ya jiwe, na nyuma yake mtakuta unga mweupe. Uonjeni kwa ncha ya ulimi. Ni chumvi, na ndiyo inayolila jiwe.

Chokaa inataka subira ambayo wakandarasi wengi hawana. Inapigwa tabaka jembamba, inaachwa ishike, ndipo linafuata la pili. Haigandi kama saruji; inakuwa jiwe polepole kwa kunywa hewa ya ukaa, na jua la Dar likiikausha mapema inapasuka. Tundikeni magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta. Msimamizi akiwaharakisha, mwonyesheni nyufa za jirani.

Kuhusu vyumba: nyumba za mawe za pwani zilizoezekwa kwa boriti huwa na vyumba vyembamba, kama mita tatu hivi, hata urefu wake ukiwa wa ukumbi. Upana uliamuliwa na mkoko, kwa sababu boriti ndefu kupita hapo haibebi dari ya mawe na chokaa bila kupinda. Kwa hiyo mkikuta chumba kipana ndani ya nyumba ya namna hiyo, tafuteni mhimili wa chuma au alama ya ukuta uliovunjwa. Yupo aliyebadilisha baadaye. Mimi hutanguliza futi kamba, faili baadaye. Mafaili mengi yameandikwa na watu wasiopanda ngazi.

Milango ya nakshi sitaisema sana, kila mgeni anaipiga picha. Ila fremu isitolewe kabla ya kuchorwa na kuwekewa namba kila kipande.

Na msidhani uzee wa nyumba unatosha kuilinda. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Hesabuni: mji wa Majid umekosa kwa miaka michache tu, Boma likiwemo. Jengo lililojengwa baada ya hapo linahitaji tangazo la serikali, na lisipokuwa nalo mwenye kiwanja anaweza kuja na tingatinga. Ulizieni tangazo hilo kabla hamjafunga jukwaa.