Umeshtakiwa kuendesha ukiwa umelewa? Kila pingamizi lina siku yake

Msimu wa korosho ukifunguka, simu yangu hailali. Mnada umelipa, mabibo yamejaa shambani, uraka, pombe ya mabibo, unanyweka kila kijiji, na kijana wa watu kakamatwa na trafiki usiku akiwa kwenye pikipiki. Mimi ni wakili, na kazi yangu kubwa ni kesi za mahakama za wilaya za Mtwara na Lindi. Salamu hazijaisha, ndugu wa mshtakiwa keshauliza: "Wakili, si tuweke pingamizi kesi ifutwe?"

Barabara ya Mingoyo kwenda Masasi naipita usiku na mimi, wala sina hamu ya kukutana na mlevi. Hata hivyo, kushtakiwa si kutiwa hatiani, na upande wa mashtaka una wajibu wa kuthibitisha.

Kwanza, usikimbilie kusema "ni kweli" ili ulipe faini urudi nyumbani. Ukikiri kosa na hakimu akakutia hatiani kwa kukiri kwako, rufaa yako kwa kawaida hubaki kwenye ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Ukisema "si kweli" hujamtukana mtu.

Halafu omba hati ya mashtaka uisome polepole. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 ina makosa mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kukimudu chombo, na kuna kuendesha ukiwa na kilevi kilichozidi kiwango, yaani miligramu 80 katika mililita 100 za damu. La kwanza linaweza kuthibitishwa na shahidi aliyekuona ukiyumba. La pili halina ushahidi bila kipimo. Nimeshaona hati iliyoyabeba yote mawili ndani ya shtaka moja, mshtakiwa asijue ajibu lipi. Hilo ni pingamizi la awali (linalowekwa kabla mashahidi hawajasikilizwa) halali kabisa, kwa sababu Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka shtaka limweleze mtu anachotuhumiwa.

Ila usishangilie mapema. Mahakama ikikubali, mwendesha mashtaka huomba kuirekebisha hati, hakimu humruhusu, unasomewa upya, kesi inaendelea. Umemsaidia kuziba tobo lake. Kasoro ndogo, kama namba ya kifungu kuandikwa vibaya, siku hizi haiui kesi iwapo maelezo ya kosa yanaeleweka. Kwa hiyo mimi hupinga mapema pale tu hati inapomnyima mteja wangu nafasi ya kujitetea. (Na ukikuta makala ya zamani yenye namba za vifungu, usizinakili hivihivi: Toleo la Sheria la 2023, lililoanza kutumika Julai 1, 2025, limezipanga upya.)

Sasa lile ambalo wateja hawapendi kulisikia. "Kipima ulevi kilikuwa kibovu" si pingamizi la awali. "Nilikunywa kidogo tu" pia si pingamizi. Tangu kesi ya Mukisa Biscuit ya mwaka 1969, mahakama zetu zinashikilia kwamba pingamizi la awali ni hoja tupu ya kisheria. Likihitaji shahidi aje kueleza kilichotokea, limeshakosa sifa. Ukilisimamisha siku ya kwanza litatupwa, na umemwonyesha mwenzako silaha yako yote. Hoja ya kipimo inasubiri siku ya kielelezo, yaani siku majibu ya kipimo yanapoletwa mahakamani kama ushahidi. Siku hiyo ndipo unauliza nani alikishika kifaa, alifundishwa wapi, karatasi ya majibu iko wapi, na kama ni damu iliyochukuliwa hospitalini, ilipita mikono ya nani mpaka ikafika kwa mkemia.

Lililo muhimu kuliko pingamizi lolote ni usikilizwaji wa awali, na watu hulipita kama wanavuka mtaro. Mwendesha mashtaka husoma maelezo ya kesi, nawe unaulizwa yapi unayakubali. Yale unayoyakubali huandikwa, mnatia saini, na kuanzia hapo yanahesabika kuwa yamethibitishwa bila shahidi kuitwa. Niliwahi kukabidhiwa jalada ambalo mshtakiwa, akiwa peke yake, alikuwa amekwisha kukubali jina lake, makazi yake, kwamba alikuwa anaendesha na kwamba alipimwa akakutwa amezidisha. Alidhani anaonyesha adabu kwa mheshimiwa. Kilichobaki cha kutetea kilikuwa kiduchu. Ushauri wangu: kubali jina, umri na unapoishi. Mengine sema huyakubali, yaje yathibitishwe.

Kabla ya siku hiyo omba kwa maandishi nakala ya maelezo ya mlalamikaji. Ni haki yako. Kwenye kesi hizi mlalamikaji mara nyingi ni askari mwenyewe, na alichokiandika usiku ule si lazima kifanane na atakachokisema kizimbani miezi baadaye. Barua ipeleke kwa mwendesha mashtaka, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Kama uliandika maelezo ya onyo kituoni (yale polisi wanayoyachukua baada ya kukuonya kuwa yanaweza kutumika kama ushahidi) kwa kulazimishwa, hilo nalo lisubiri. Linapingwa pale shahidi anapoomba yapokelewe, si kabla wala si baada. Ukinyamaza hapo, yameingia. Ukipinga, hakimu husimamisha kesi kwanza na kuchunguza yalivyopatikana.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulizie msaada wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wasaidizi wa kisheria watakuelewesha na kukuandalia barua, ila hawatasimama mahakamani kwa niaba yako.

Na pingamizi likitupwa, usikimbie Mahakama Kuu siku hiyohiyo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu hairuhusu rufaa wala mapitio juu ya uamuzi mdogo ambao haujaimaliza kesi. Mwombe hakimu hoja yako iingie kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi, endelea kuhoji mashahidi, na ukitiwa hatiani iweke kwenye sababu zako za rufaa.