Usikubali chipu ichomwe kabla ya kupima skrini

Ndugu wa Kondele, Kisumu, unasema laptopu yako inaonyesha mistari ya rangi na kujizima, na fundi anataka kuichoma kwa hewa moto chipu ya michoro, ile inayotengeneza picha za skrini. Dalili hizo si ushahidi tosha kwamba chipu imekufa, hata kama fundi ameshaapa. Iunganishe laptopu na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitoka safi huko, shuku skrini au waya wake, na hapo gharama huwa nafuu. Mistari ikionekana kote kuwili, yaelekea chipu ndiyo mgonjwa.

Hiyo ya kuichoma kwa hewa moto, mimi singeilipia, hata kama waranti imeisha. Mara nyingi inafufuka kwa majuma au miezi kisha inakufa tena, na pesa zimeshaliwa. Kama fundi anashikilia, adai malipo baada ya miezi mitatu tuone.

Nakili faili zako leo. Kisha, kama prosesa ina chipu yake ndogo ya michoro ndani, zima ile chipu kubwa ya michoro inayoshukiwa kwenye orodha ya vifaa ya Windows (Device Manager). Michezo mizito usahau, ila barua, Zoom na sinema zitaenda. Feni isafishwe na krimu ya kupitisha joto ibadilishwe; joto la Kisumu halisaidii.

Na fundi akitaka kubadilisha bodi nzima, ule ubao mkuu wa laptopu? Uliza kwanza bei ya laptopu ya mtumba.