Si kila anayeshika fedha ni mhasibu

SWALI: Chama chetu cha ushirika cha tumbaku hapa Urambo, Tabora, kimeajiri mtu anayeitwa "Mkurugenzi wa Fedha". Wazee wanasema ni jina la kujikweza tu, yule ni mhasibu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wazee wamekosea, na kosa lao linaniudhi kila ninapolisikia. Anayelipa wakulima dirishani, eti mhasibu. Mweka hazina, mhasibu. Hata mkaguzi akija kupekua vitabu, "mhasibu wa kutoka mjini". Hapana!

Neno limetokana na hesabu, lenye asili ya Kiarabu. Mhasibu huandika kilichoingia na kilichotoka, hulinganisha daftari na taarifa ya benki kila mwezi, hufunga hesabu za mwaka. Anayepokea na kulipa ni keshia. Mkaguzi huhakiki baadaye, wala hapaswi kukagua alichokiandika mwenyewe. Mkichanganya majina mtachanganya na kazi: mtu mmoja atapokea fedha, ataziandika na kuzipeleka benki, na zikipungua hamtakuwa na daftari la pili la kulinganishia.

Mhasibu anaeleza msimu uliopita. Mkurugenzi wa Fedha anadaiwa majibu ya msimu ujao. Tumbaku yenu inapangiwa bei kwa dola, na mbolea mmeikopa miezi mingi kabla ya soko. Tuseme mnadaiwa shilingi milioni 260 na mnatarajia dola 100,000. Dola ikiwa shilingi 2,700, mtapata milioni 270 na deni litalipika. Ikishuka hadi 2,500, mtapata milioni 250: pengo la milioni 10 kabla ya riba, ingawa kilo ni zilezile na bei ni ileile. Mhasibu ataiandika hasara hiyo bila kukosea hata senti. Kuiona mapema, kupunguza mkopo, na kumzuia meneja kabla hajasaini ni kazi ya huyo mkurugenzi. Ndiyo maana siku hizi kampuni nyingi zinamkalisha kwenye uongozi wa juu, badala ya kumwita mwisho wa mwaka asome tarakimu.

"Afisa Mkuu wa Fedha" ninalivumilia, japo Kiingereza kinachungulia ndani yake. "Mhasibu Mkuu" ni cheo halali cha anayesimamia wahasibu wenzake. Kama chama hakimudu mishahara miwili, mpeni mtu huyo cheo hicho, lakini mkataba wake utaje wazi kwamba hakuna mkopo utakaosainiwa kabla hajatoa makadirio yake kwa maandishi.