Kabla ya kompyuta, nenda kituoni

Wanafunzi wa uzamili huniletea modeli za gridi ya umeme zilizopakwa rangi nzuri kwenye kompyuta. Swali langu la kwanza huwa lile lile: umewahi kukesha kwenye chumba cha udhibiti? Wengi hucheka. Hata mimi ningecheka, kabla mzee mmoja wa zamu hajaniaibisha.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamivu. Nilikuwa nimepiga hesabu za laini ya kilovolti 220 inayotoka Iringa, ikapita Dodoma, Singida na Shinyanga hadi Mwanza, nikahitimisha kwamba tatizo la Kanda ya Ziwa ni volteji kushuka jioni. Nikaenda kituo kimoja cha kupoza umeme kuomba takwimu. Mzee akasoma kurasa mbili, akauliza, "Na saa tisa usiku, mwanangu?" Nikamjibu kwamba saa hizo mzigo, yaani umeme unaotumiwa, ni mdogo, hakuna shida. Akaniambia nikae. Ilipofika saa tisa, volteji ilikuwa imepanda juu kuliko wakati wowote siku ile, naye akainuka kuingiza riakta, koili kubwa ya kushusha volteji iliyozidi, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikianza.

Waya mrefu na ardhi iliyo chini yake hufanya kazi kama kapasita, kifaa cha kutunza chaji ya umeme. Mchana mzigo unaificha hali hiyo. Watu wakilala, volteji ya mwisho wa laini hupanda hata kuzidi ya mwanzo wake. Ni athari ya Ferranti, na niliijibia mtihani nikapata A. Lakini modeli yangu haikuwa na riakta hata moja! Miezi minane ya kazi nikaianza upya.

Ndiyo maana wanaosoma chini yangu huchora gridi kwa penseli na kukokotoa laini moja kwa mkono kabla ya kugusa programu yoyote. Wananuna. Huwasimulia habari za Edith Clarke, mhandisi wa umeme wa Marekani, ambaye kabla ya kompyuta kuwa mashine alikuwa yeye mwenyewe mpiga hesabu, akabuni kikokotoo cha karatasi kwa ajili ya hizo hizo laini ndefu na kupewa hataza mwaka 1925. Mwaka 1947 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Texas, Austin, akiwa profesa wa kwanza mwanamke wa uhandisi wa umeme Marekani. Wasichana darasani huniuliza maswali mengi zaidi siku hiyo.

Kuhusu mada ya tasnifu, nasema hivi: achana na gridi ya majaribio ya New England yenye basi 39 (basi la kwetu mafundi, yaani mahali laini zinapokutana, si la Mbagala). Dunia nzima imeshaichakaza. Tazama nyumbani. Bwawa la Julius Nyerere, kule Mto Rufiji, lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235. Kituo cha Kidatu kizima ni megawati 204. Mtambo mmoja tu wa Rufiji ukichomoka, ni zaidi ya Kidatu yote kuzimika kwa mkupuo mmoja, na frikwensi inaanza kuporomoka kutoka hezi 50 papo hapo. Nani ataidaka? Akiba ya umeme wa kuziba pengo iwekwe kwenye mitambo gani, na usiku wa mzigo mdogo je? Hapo kuna tasnifu tatu. Ila barua ya kuomba takwimu iandike mapema, maana itazunguka meza nyingi.

Nanyi wahadhiri vijana mnaoanza kusimamia: mwanafunzi akinyamaza wiki tatu, mtafute, kwa sababu mara nyingi amekwama na anaona haya. Na msimgeuze mkusanya data wa makala zenu.

Miaka kadhaa iliyopita binti mmoja mpole alikuja ofisini, akasimama mlangoni. "Samahani, Mwalimu, labda nimekosea mimi." Alikuwa ameshika makala yangu iliyokwisha kuchapishwa. Kwenye jedwali la pili nilikuwa nimechanganya impidansi (vipimo vya ukinzani wa umeme) zilizokokotolewa kwa msingi wa MVA 100, yaani megavolti-ampia, na zile za msingi wa transfoma yenyewe, kama mtu anayejumlisha futi na mita. Nilirudia hesabu mara mbili nikitafuta pa kuponea. Sikupapata. Jioni ile tukaandika barua ya masahihisho kwa jarida, jina lake likatangulia langu.