Zabibu zilimuua mbwa wangu Chui, usisubiri asubuhi

Jumapili usiku kijana mmoja wa Hombolo, huku huku Dodoma, alinitumia meseji, mimi nimekuja kuiona Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nikiwa nachemsha chai. "Mbukwa dada, mbwa wangu kala zabibu leo mchana kama kikombe hivi, katapika mara mbili ila sa hivi katulia tu kalala. Itakuwa minyoo eeh?"

Nikazima jiko. Meseji ile ningeweza kuiandika mimi mwenyewe mwaka 2021, mpaka hiyo minyoo.

Mimi nimekulia kwenye zabibu. Baba ana shamba Mpunguzi, kwa hiyo nyumbani zabibu si tunda la mgonjwa wala la wageni, zimejaa tu kwenye ndoo kila kona na watoto wanazila mpaka wanaharisha. Chui alikuwa mbwa wa kienyeji, rangi ya vumbi la huku kwetu, masikio moja limesimama moja limelala. Nilimlea toka yuko kama kiganja, nilimpeleka chanjo kwa pesa yangu, kupe nilikuwa namtoa mwenyewe mmoja mmoja jioni huku watu wakinicheka eti nasuka mbwa. Sawa, nasuka.

Siku hiyo tunavuna, zile zilizopasuka zinatupwa kwenye beseni pembeni, watoto wa dada yangu wakawa wanamrushia Chui anadaka hewani, na mimi nimesimama hapo hapo nacheka na simu napiga video. Video ninayo mpaka leo. Sijawahi kuifungua.

Jioni akatapika, ndani ya matapishi unaona kabisa maganda ya zabibu. Usiku akagoma ugali wake wa dagaa, nikasema kashiba. Asubuhi nikaenda duka moja la dawa za mifugo, silitaji, nikaelezea, jamaa hata hajanyanyua kichwa kwenye simu yake akasema minyoo hiyo, akanipa vidonge, afu akaniuzia na sindano ya antibiotiki ile ile anayouziwa mtu wa ng'ombe, wa mbuzi na wa kuku. Nikalipa nikashukuru na kushukuru!

Siku ya katikati nisikuchoshe nayo, ilikuwa kulala tu. Siku ya tatu nikashtuka kwamba mbwa huyu hajakojoa. Anakunywa maji, anayatapika, mkojo hakuna, mdomo unanuka harufu kali ya ajabu. Alfajiri yake nikamkuta ameshakauka chini ya mzabibu. Baba akasema "mbwa tu huyo, tutatafuta mwingine". Baba yangu nampenda na sikumjibu, ila neno hilo bado lipo hapa kifuani.

Daktari wa mifugo wa ukweli, aliyesomea SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, nilimpata wiki mbili baadaye, akanieleza nimekaa kwenye benchi nalia kama mtoto. Zabibu zinaua figo za mbwa. Ziwe mbichi, ziwe kavu, nyeusi au nyeupe, na zile kavu ndo mbaya zaidi maana punje ndogo ila kilichomo ni kile kile bila maji. Kinachoshukiwa ni asidi ya tartariki, ule uchachu uliomo ndani ya zabibu, wataalamu wa Marekani ndo waliiweka wazi mwaka 2021, mwaka ule ule wa Chui wangu, na ukwaju nao unayo kwa wingi kwa hiyo usimpe. Kutapika kunaanza ndani ya masaa machache, afu anatulia, na hapo ndo tunapodanganyika wengi tukidhani kapona kumbe figo zinazima taratibu, kuja kushtuka ni siku ya pili ya tatu mkojo umekata.

Na usiniambie mbona mbwa wa jirani anakula kila msimu na yupo. Ni kweli yupo. Mwingine anakula bakuli zima hapati kitu, mwingine punje chache tu anakufa, na hakuna anayeweza kukuambia wa kwako yuko kundi gani mpaka umemzika.

Sasa sikia, Desemba 2023 niko Ilazo kwangu, nina mbwa mwingine, Tausi, pilau la sikukuu mgeni kaliwekea zabibu kavu (pilau la zabibu, sijui nani alituloga) na mtoto akammwagia Tausi sahani nzima. Sikuuliza mtu. Nilimbeba na gauni langu la sikukuu, bajaji, simu sikioni nampigia daktari, ndani ya saa moja kashachomwa sindano ya kumtapisha na punje zote nikazihesabu zinavyotoka. Akalazwa na dripu siku mbili. Wageni walikula wenyewe wakaondoka wenyewe, wengine wamenuna mpaka leo. Tausi yupo hapa miguuni wakati naandika, mnene, na kadi yake ya chanjo imejaa mihuri kuliko kliniki ya watoto wa watu fulani.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaofuga, tubadilike. Namba ya daktari wa mifugo iwe kwenye simu leo, sio siku mbwa anatapika. Akila zabibu unakimbia saa hiyo hiyo hata kama anacheza, hizo habari za kumnywesha maziwa au mafuta zinakupotezea muda tu, na usimtapishe mwenyewe kwa chumvi, utamuua kwa chumvi badala ya zabibu. Paka naye usimpe Panadol jamani, kidonge kimoja tu kinatosha kumuua, ini lake haliwezi dawa hiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa kuanzia miezi mitatu, kila mwaka, hii hata sielezi. Na duka sio daktari. Narudia, duka sio daktari. Mtu anatoa laki kununua ving'amuzi na spika afu elfu ishirini ya mnyama anayemlindia hizo spika usiku anasema maisha magumu, tunamkosea Mungu.

Yule kijana nilimpigia hapo hapo sikujibu kwa maandishi. Akaanza oh mjomba anasema mbwa wa huku wamezoea zabibu, nikamwambia mdogo wangu mwambie mjomba alete pikipiki, nikampa namba ya daktari. Saa tatu wakawa mjini, mbwa kwenye kreti ya zabibu, sijui nicheke au nilie.

Jumanne kimya. Nilikuwa naamka usiku naangalia simu.

Jumatano mchana ikaingia picha, mguu wa mbwa umefungwa plasta na mrija wa dripu, chini sakafuni kuna kidimbwi, na kaandika neno moja tu: "Kakojoa."