Maswali ya Wasomaji: Kwa Treni Hadi Kanisa Kuu la Köln

SWALI: Mimi na mama watoto tumestaafu ualimu na tunaishi hapa Moshi, ambako kwa miaka mingi tumesali katika Kanisa Kuu la Kristo Mfalme. Mwezi Oktoba tutakwenda Ujerumani kumtembelea binti yetu, muuguzi mjini Frankfurt, na viza tumeshapata. Mama anatamani sana kufika Köln, kwa kuwa tangu utotoni amesikia kwamba masalia ya Mamajusi yamehifadhiwa huko. Binti yetu hufanya kazi kwa zamu, hivyo hataweza kutusindikiza. Je, wazee wawili wasiojua Kijerumani wanaweza kwenda wenyewe kwa treni na kurudi siku hiyohiyo? Na je, ni lazima kupanda mnara? Mama anasumbuliwa na goti.
Mwalimu mstaafu, Moshi

JIBU: Shikamoo mwalimu, na mama naye tunampa shikamoo yake. Mnaweza kabisa kwenda wenyewe, kwa sababu kanisa hilo limepakana na stesheni kuu ya Köln: mkitoka nje upande wake mtaliona limesimama juu yenu, na kazi itakayobaki ni kupanda ngazi chache za uwanjani, taratibu, kwa ajili ya goti la mama.

Treni ya mwendokasi kutoka Frankfurt hutumia saa moja na dakika kadhaa, kwa hiyo kwenda na kurudi siku moja kunawezekana. Hata hivyo, ningewashauri mlale usiku mmoja. Wakati wa Misa watalii hawaruhusiwi kuzungukazunguka kanisani, na anayekimbizana na treni ya jioni anaweza kukuta saa yake imeishia mlangoni. Ninyi mkilala mtasali Misa ya asubuhi bila haraka, kisha mtazame kanisa baadaye.

Tiketi mwacheni binti azinunue mapema, maana za bei nafuu hupungua kadiri siku inavyokaribia. Sisi tuliozoea SGR ya Dar es Salaam na Dodoma tunajua kwamba tiketi huja na namba ya behewa na ya kiti. Ujerumani, katika daraja la kawaida, tiketi ya treni ya masafa marefu hukupa haki ya kusafiri tu, na kiti hulipiwa kando kwa euro chache. Asiyelipia anaweza kusimama njia nzima, jambo ambalo mama hapaswi kulijaribu. Tiketi ya bei nafuu pia hufungwa kwenye treni moja iliyotajwa, lakini ikitabiriwa kwamba mtachelewa kufika kwa dakika 20 au zaidi, mnaruhusiwa kupanda nyingine. Mkichelewa saa nzima mnaweza kudai robo ya nauli, na saa mbili, nusu yake. Nayataja haya kwa sababu sifa ya Wajerumani ya kutunza muda siku hizi haionekani sana kwenye reli zao.

Binti aangalie pia jina la kituo cha kushukia. Baadhi ya treni kutoka Frankfurt hazifiki stesheni kuu, bali husimama Köln Messe/Deutz, ng'ambo ya mto Rhein, ambako mtalazimika kupanda treni ya mjini kwa kituo kimoja. Mizigo mikubwa hairuhusiwi kanisani. Pale stesheni kuu kuna mashine ya kuhifadhi mizigo: unaingiza begi kwenye kidirisha, linashuka chini ya ardhi, nawe unapewa kadi ya kulirudishia. Kadi hiyo msiipoteze.

Kuhusu Mamajusi, mama alisikia sawasawa. Masalia yanayoheshimiwa kuwa yao yaliletwa kutoka Milano mwaka 1164, na mahujaji wakawa wengi kiasi kwamba mwaka 1248 ulianza ujenzi wa kanisa jipya la kuwafaa. Ujenzi ulisimama kwa takriban miaka 300 huku mnara mmoja ukiwa kisiki chenye winchi ya mbao juu yake, ukaendelea mwaka 1842 na kukamilika 1880. Mabomu ya Vita Kuu ya Pili yalilipiga zaidi ya mara kumi, lakini halikuanguka. Sanduku la dhahabu lenye masalia liko nyuma ya altare kuu, ndani ya kioo. Walinzi wa kanisa huvaa majoho mekundu, na mwalimu, ukiingia na kofia kichwani watakuomba uivue.

Mnara uacheni. Una ngazi 533 za kuzunguka, hakuna lifti, na wanaopanda hupishana na wanaoshuka kwenye njia nyembamba. Waliokwenda kuhiji karne zote zile walifuata sanduku, na minara miwili ya mita 157 ilikamilika wakati wengi wao walikuwa wameshazikwa.

Wakati wa kurudi, msichukue njia ya mkato. Binti awatafutie treni ya mchana inayopitia Koblenz na Mainz. Huchukua zaidi ya saa mbili, lakini hufuata ukingo wa Rhein katikati ya mashamba ya mizabibu na ngome za kale. Awawekee viti vya dirishani upande wa kushoto kwa anayetazama mbele, kwani mto uko upande huo.